Niliingia Barafuni Kabla ya Kumjibu Binti Yangu

Huku Kangeta barafu tunayoijua ni ya namna mbili. Kuna ile inayoganda kwenye friji ya duka letu, ambayo mume wangu huikwangua kwa kijiko kila Jumamosi. Na kuna mvua ya mawe inayoshuka mara mojamoja kutoka milima ya Nyambene, ikapiga mabati kwa kishindo, ikaumiza vikonyo vichanga vya miraa, kisha ikayeyuka kabla watoto hawajajaza kikombe. Mimi, kwa kuwa nilizaliwa Mombasa, ninayo ya tatu moyoni: barafu za ukwaju tulizokuwa tukinunua mlangoni mwa madrasa, tukazinyonya mpaka midomo ikafa ganzi. Basi usiku ule binti yangu aliponipigia simu kutoka Nairobi akaniambia kwamba anataka kucheza mpira wa magongo juu ya barafu, nilidhani mtandao ndio uliokatakata maneno.

"Juu ya nini, mwanangu?"

"Juu ya barafu, Mama. Ndani ya jengo. Watu wanavaa viatu vyenye chuma chini."

Nikamwambia tutazungumza. Ndilo jibu la mama asiyekuwa na jibu.

Binti huyu ana miaka 14. Anakaa na shangazi yake mtaa wa South C kwa ajili ya masomo, na mwaka wake wa kwanza kule ulitutia hofu. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, akawa mtu wa "ndiyo" na "hapana" na "niko sawa". Nilikuwa nikimpigia simu baada ya Isha, dakika tano zikapita huku mimi peke yangu nikizungumza. Shangazi yake aliniambia anakula, anaswali, anakwenda shule, lakini hana mtu. Kisha watoto wa mtaani wakamfundisha kuteleza kwa viatu vya magurudumu kwenye uwanja wa kuegeshea magari, na sauti yake ikarudi. Akawa ananisimulia nani ameanguka, nani amejifunza kurudi kinyumenyume. Kutoka kwenye magurudumu akasikia habari za barafu. Kwa hiyo nilipousikia ule ombi wake, masikio yangu yalisikia mambo mawili kwa pamoja: mchezo usio wa kwetu, na mtoto anayezungumza nami.

Baba yake aliposikia alicheka, halafu akanyamaza, halafu akasema, "Wewe ndiye mama yake. Katazame, kisha tutaamua." Mama mkwe wangu, aliye Mji wa Kale, hakucheka. Kwenye simu alinitamkia kwa upole wake ule ule ambao haupingiki: mtoto wa kike aliyevunja ungo hatelezitelezi mbele za watu, na mguu ukivunjika atauguzwa na nani?

Sikuona neno la upuuzi katika hayo. Swali la mavazi lilikuwa la haki, la kuchanganyika na wanaume lilikuwa la haki zaidi, na mguu ni mguu. Hata fedha: nilipoelezwa ada ya saa moja pamoja na kukodi viatu, nilijikuta nikiihesabu kwa vibunda, kama afanyavyo kila mkazi wa Kangeta, nikaona ni bei ya miraa ya kiangazi. (Mjadala wa miraa yenyewe tuuweke kando leo, kurasa hizi zimeshaubeba mara nyingi, na sisi tunaoishi katikati ya mashamba yake tuna mengi ya kusema siku nyingine.) Lakini juu ya yote hayo nilikuwa na hofu yangu ambayo sikuisema kwa mtu. Nilihofu kwamba mwanangu anaingia katika dunia ambayo mimi siwezi kumfuata, na kwamba nikimkatalia kwa jambo nisilolijua, zile simu za baada ya Isha zitarudi kuwa za dakika tano.

Nilikwenda kwa ustadha mmoja anayewafundisha wanawake huku kwetu. Hakunipa ruhusa wala katazo. Alinikumbusha simulizi tunayoijua sote, iliyopokewa na Abu Dawud, ya Bibi Aisha (Allah amridhie) aliyeshindana mbio na Mtume (rehema na amani zimfikie) safarini, akamshinda. Na baadaye, mwili wake ulipokuwa umeongezeka, wakashindana tena naye akashindwa, na Mtume akamtania kwamba hii ni badala ya ile. Kisha akaniuliza yale ya kuuliza: je, kuna sitara? Nani anayetazama? Swala zitapotea? Kuna madhara yanayokaribishwa bila sababu? "Nenda ukajibu hayo kwa macho yako," akaniambia, "si kwa ya jirani."

Nilipokuwa nikirudi nyumbani, sehemu ya ile simulizi iliyonishika ilikuwa ile ya mwili kuongezeka. Nina miaka 39 na watoto wanne. Daktari aliyenipima presha mwaka juzi alinishauri nitembee kila siku, nami nikatembea wiki mbili. Nikaamua palepale barabarani: nisiende kutazama tu. Niingie.

Likizo ya Desemba ilipofika niliondoka Kangeta baada ya Alfajiri, na mdogo wake wa mwisho nikamwacha kwa jirani. Asiyeijua njia ile ajue kwamba matatu za abiria huenda kwa mwendo wake, na pikapu za miraa huenda kwa mwendo wa mzigo unaonyauka. Zilitupita moja baada ya nyingine, maturubai yakipiga makofi. Tulipotoka mji wa Meru tukalipita bango la ikweta. Nimelipita mara nyingi bila kulijali. Siku hiyo nililigeukia, kwa sababu nilikuwa ninavuka mstari wa katikati ya dunia kwenda kutafuta barafu. Tukashuka bonde la Nithi kwa dua, tukapita Chuka na Embu, tukayaona mashamba ya mpunga ya Mwea yakimetameta, na kufikia Adhuhuri nilikuwa kwa wifi yangu South C, nikila wali na mchuzi wa nazi ambao Kangeta hatuupati ila kwa kuagizia.

Usiku huo wifi yangu alinipa habari zilizonishangaza. Mchezo huu una miaka Nairobi. Uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, kando ya barabara ya Mombasa, ulifunguliwa mwaka 2005, na miaka mingi umekuwa ndio uwanja pekee wa aina yake katika eneo letu lote hili la Afrika. Mwanzoni waliocheza magongo humo walikuwa wageni, Wakanada na Wamarekani waliokuja kikazi na kuikumbuka michezo ya kwao. Vijana wa Nairobi waliokuwa wakiteleza kwa magurudumu mabarabarani wakaingia, wakajifunza, na baada ya muda wakaunda timu yao inayoitwa Ice Lions, yaani simba wa barafu. Shida yao ilikuwa moja: hapakuwa na timu nyingine nchini ya kucheza nayo, wakawa wanagawana na kuchezeana wao kwa wao. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada iitwayo Tim Hortons iliwasafirisha baadhi yao mpaka kule, wakacheza mechi halisi dhidi ya timu nyingine, na waliovaa jezi ya Kenya pamoja nao siku hiyo wakawa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, ambao kwa mchezo huo ni kama Messi na Ronaldo kwa soka. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la mchezo huo.

Binti yangu alikuwa akisikiliza huku akijifanya anasoma. Akaongeza lake: "Na wasichana wamo, Mama. Katika Olimpiki wanawake wanacheza tangu 1998." Nikamuuliza amejuaje. Akasema amesoma. Mtoto ambaye jiografia ilimshinda!

Sasa nieleze jinsi tulivyoingia, maana hapa ndipo swali la ustadha lilipoanza kujibiwa. Wifi yangu na majirani zake, wengi wao kina mama wa msikiti mmoja, walikuwa wamechanga wakakodi saa moja ya asubuhi kwa wanawake na watoto wadogo peke yao. Tulikuwa kumi na mmoja. Wawili walikuwa na wajukuu. Mwalimu wetu alikuwa msichana wa Kinairobi anayecheza mchezo huu, mwembamba, mpole, na asiyejua kuona haya kumshika mtu mzima kiunoni kama anayefundisha mtoto kusimama dede. Buibui tulizivua kwenye chumba cha kubadilishia, kwa sababu ya kiutendaji: pindo likiingia chini ya chuma, mvaaji na buibui hufika chini kwa pamoja. Ndani tulikuwa na suruali pana za mazoezi na magauni mafupi ya kufika magotini, yenye mikono mirefu. Vichwani tulivaa ushungi wa kushonwa, usio na pini hata moja, kwani juu yake huja helmeti, na pini iliyofinywa na helmeti ni mateso. Akina dada watakaojaribu walishike hilo. Glavu ni lazima, soksi nene ni lazima, na mchezaji kamili huongeza kinga za magoti, viwiko, kifua na vigimbi, mpaka anafunikwa kuliko nilivyowahi kufunikwa mimi siku ya harusi yangu. Wifi yangu akatania kwamba huu ndio mchezo wa pekee aliouona ambao sheria zake zenyewe zinataka sitara.

Viatu ni habari nyingine. Vimetengenezwa vigumu kama ubao ili kifundo kisipinde, na chini yake kuna bamba la chuma lililotiwa makali si mara moja bali mara mbili, kwa kuwa katikati yake kuna mfereji mdogo unaoliacha na kingo mbili, ya ndani na ya nje. Mchezaji hutegemea kingo hizo kugeuka na kusimama. Kamba hufungwa kwa nguvu, hasa pale kifundoni. Zikilegea, mguu huyumba na kosa lote hudhaniwa ni la mvaaji. Mimi nilizifunga kama viatu vya kawaida. Binti yangu akapiga magoti mbele yangu bila kuulizwa, akazifungua zote, akaanza upya kutoka vidoleni, akivuta kila msalaba wa kamba kwa vidole viwili mpaka nikaguna. "Vumilia, Mama, zikikuuma kidogo ndiyo sawa." Maneno hayo niliyatambua. Ndiyo niliyokuwa nikimwambia nilipokuwa nikimsuka nywele.

Barafu yenyewe, kwa anayependa kujua, hutengenezwa kwa subira. Chini ya sakafu hupita mabomba ya kimiminika kilichopozwa, na juu yake maji humwagwa kwa tabaka jembamba moja baada ya jingine, kila moja likisubiri mwenzake ligande, mpaka unene ufike sentimita tatu hivi. Uso wake hukaa kwenye nyuzi tano hivi chini ya sifuri. Wachezaji wakiukwangua kwa vyuma vyao, hutengenezwa upya. Katika viwanja vikubwa kuna gari maalumu linaloparuza na kumwaga maji moto nyuma yake, lililobuniwa na Mmarekani aitwaye Frank Zamboni mwaka 1949. Ule unga unaobaki juu ya barafu baada ya watu kuikwangua, wallahi, ni nazi iliyokunwa. Niliutazama nikaona nimesahau mbuzi wa nazi nyumbani.

Nilishika ukingo kwa mikono miwili nikaweka mguu wa kwanza. Ulikwenda zake.

Sina neno jingine la kueleza. Miaka 39 nimekuwa nikiweka mguu mahali nao ukakaa hapo ukinisubiri, huu haukusubiri. Wa pili nao ukaufuata, mikono ikabaki ukingoni, na kwa kitambo nikawa kama nguo iliyoanikwa. Mwalimu akaja akanieleza makosa yangu yote kwa sentensi moja: nimenyoosha magoti. Mtu mwenye hofu hujinyoosha, na anayejinyoosha juu ya barafu huanguka chali, ambako ndiko kubaya. Yafaa kukunja magoti mpaka mtu ajione kama anataka kukaa kwenye kibao, kifua mbele kidogo, vidole vya miguu vikiangalia nje kama bata. Kisha hatua haisukumwi nyuma kama ya kutembea. Husukumwa pembeni, mguu mmoja ukisukuma na mwingine ukiserereka.

Kabla ya kutufundisha kwenda alitufundisha kuanguka, na jambo hilo lilinipa imani naye. Ukihisi unaanguka, usipigane; shuka, elekea ubavuni, kwenye nyama na si kwenye mfupa, na mikono ikunje ngumi uilete kifuani, maana vidole vilivyotandazwa barafuni ni hatari mtu mwingine akipita na vyuma vyake. Kuinuka ni goti moja, kisha chuma kimoja kimesimama, kisha mikono miwili juu ya goti lile na kujisukuma. Tulianguka kwa makusudi mara tano tano, kina mama kumi na mmoja, tukicheka mpaka mmoja wa wale wenye wajukuu akasema hawezi kuinuka kwa kicheko wala si kwa umri.

Nilianguka mara nyingine nyingi bila makusudi. Baada ya nusu saa niliweza kwenda kutoka ukingo mmoja hadi wa pili bila kumshika mtu, polepole, kama meli ya mizigo inayoingia Kilindini. Kusimama kulinishinda kwa muda mrefu. Njia ya wanaoanza ni kusukuma visigino nje huku vidole vikiangaliana, ili vyuma viparuze barafu, na hapo ndipo ile nazi hukunwa. Mimi niliona rahisi zaidi kusimama kwa kugonga ukuta.

Ndipo tukapewa magongo. Gongo la mchezo huu ni refu. Ukisimama na viatu hufika kidevuni, na ncha yake ya chini ni bapa, imepinda kidogo kama kata ya kutekea maji iliyonyooshwa. Hakuna mpira wa kudunda. Kuna kisahani cheusi cha mpira mgumu, upana wake sentimita saba na nusu hivi, unene mbili na nusu, uzito wa gramu mia moja na sitini hivi; katika mashindano makubwa hugandishwa kabla ya mchezo ili kisidunde. Tangu watu wa Montreal walipocheza mechi yao mashuhuri ya ndani ya jengo mwezi Machi 1875 wamekuwa wakikifukuza kitu hicho bapa, kwa sababu mpira wa mviringo ungewahatarisha watazamaji. Mimi nilikuwa nimetazamia gongo liwe mzigo wa ziada. Kumbe lilikuwa mkongojo. Macho yangu yalipohamia kwenye kisahani yaliiacha miguu, na miguu ilipoachwa peke yake ikaanza kufanya kazi yake vizuri zaidi. Sijui ni kwa nini; mwalimu alisema huwa hivyo kwa karibu kila mtu.

Uwanja rasmi wa mchezo huu una urefu wa mita 60, na kila upande huingiza wachezaji watano na mlinda lango. Wa Nairobi ni mdogo sana kuliko huo, nasi tulikuwa tumetumia nusu yake tu, wanne kwa wanne, hatuna mlinda lango kwani hakuna aliyekubali. Kugongana kulikatazwa, ingawa katazo hilo halikuwafikia wasioweza kusimama. Dakika kumi. Watoto walikuwa pamoja nasi, na binti yangu akapangwa upande wa pili.

Nilikipata kisahani mara moja. Kilinijia chenyewe, kikagonga gongo langu kikatulia, nikasikia wenzangu wakiniita kwa jina la mtoto wangu wa kwanza kama ada yetu, "Mama fulani, nenda!" Nikaenda. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, lango likawa mbele yangu bila mtu. Kisha kivuli kikapita kushotoni, gongo dogo likachomekwa chini ya langu, na kisahani kikaondoka. Alikuwa yeye. Hakunionea huruma hata kidogo. Aligeuka kwa ule mgeuko ambao mimi sitauweza, akanitazama chini ya helmeti, akacheka kicheko kikubwa ambacho sikuwa nimekisikia tangu alipoondoka Kangeta na sanduku lake la bati. Mimi nilikuwa nimeshakaa chini.

Walishinda mabao mawili kwa moja. Moja kati ya hayo mawili lilifungwa na mama mmoja wa Garissa aliyeanguka juu ya kisahani akaserereka nacho mpaka ndani ya lango, na hadi leo wifi yangu anashikilia kwamba halikuwa halali.

Tulipokuwa tukivua viatu binti yangu alinionyesha kwenye simu ya shangazi yake picha ya mwanamke wa Abu Dhabi, Fatima Al Ali, ushungi umetoka chini ya helmeti, anakizungusha kisahani kwa gongo kana kwamba kimefungwa uzi. Alianza akiwa mpiga picha wa wachezaji, kisha akaingia mwenyewe, akaichezea timu ya wanawake ya Imarati. Mchezaji mstaafu aitwaye Peter Bondra alipokwenda kule akamwona, akamrekodi, na video ikasambaa; Februari 2017 timu ya Washington Capitals ikamwalika Marekani, akafanya mazoezi na wachezaji wake na kupewa heshima ya kukidondosha kisahani cha kufungulia mechi. Jamaa zetu wengi wako Abu Dhabi na Dubai, wanatuletea udi na majuba kila wanaporudi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunitajia habari hii. Wa nchi hiyo hiyo ni Zahra Lari, mtelezaji wa barafuni wa ile michezo ya madaha, ambaye mwaka 2012 alikatwa alama katika mashindano Italia kwa sababu ya hijabu yake, naye akaenda kuzungumza na wakubwa wa mchezo mpaka hijabu ikakubaliwa. Nilimwuliza binti yangu kwa nini hakuniambia haya yote kwenye simu. Akajibu, "Ulisema tutazungumza."

Jibu hilo nimelibeba mpaka Kangeta.

Usiku ule niliswali Isha nimekaa. Nyonga, mapaja, na msuli mmoja wa ndani ya nyayo ambao sikujua kama ninao, vyote vilikuwa na la kusema. Siku ya tatu vilinyamaza. Mkono wa kulia ulibaki na alama ya bluu, ambayo mume wangu aliwaonyesha wateja dukani kwa fahari isiyokuwa na sababu.

Uamuzi tuliufanya sote watatu kwa simu, kipaza sauti kikiwa wazi. Ataingia barafuni katika saa ya wanawake na watoto pekee, mara moja kwa mwezi, kwa sababu mfuko hauruhusu zaidi, na nisingependa msomaji adhani kwamba huu ni mchezo wa kila nyumba. Wiki nyingine atumie magurudumu yake ndani ya ua, na helmeti kichwani, jambo ambalo awali hatukulitia akilini. Darasa la Qur'ani la Jumamosi haliguswi. Akauliza: na akifika miaka 17, akitaka timu yenyewe, ambako wavulana na wasichana hucheza pamoja? Baba yake akasema hilo halina jibu leo. Nami nikasema halina jibu leo. Yeye akakubali, ingawa nilimsikia akivuta pumzi.

Alibaki mama mkwe. Nilisafiri Mombasa mwezi uliofuata kwa ajili ya arusi ya mtoto wa dada yangu, nikamwendea Mji wa Kale na picha moja aliyoipiga wifi yangu. Alivaa miwani, akaisogeza simu mbali, akaileta karibu. Aliwatazama wanawake mmoja mmoja kama anayehesabu fedha. Aliuliza kama kweli hakukuwa na mwanamume mle ndani. Aliuliza kama ile nyeupe yote ni barafu, na nani analipia umeme wake. Kisha akakiweka kidole kwenye kona ya picha.

"Na huyu mtu mzima aliyekaa chini kama aliyemwagikiwa na uji, ni nani?"

"Ni mimi, Mama."

Alinitazama, akaitazama picha, akanitazama tena. Bega lake moja likaanza kutikisika. Alicheka mpaka akaivua miwani akaifuta kwa ncha ya leso, na wajukuu wakaja kutoka uani kutaka kujua kuna nini, ikabidi picha izunguke nyumba nzima. Nilipokuwa nikiaga aliniita nyuma kutoka barazani.

"Mwambie huyo mtoto avae soksi mbili," akasema. "Moja haitoshi kwa baridi ile."